Juma Lenye Tano Mbili: Siku Saba za Ami Yangu, Maskati 1973



Mwezi uliopita mpwa wangu anayesoma Uingereza aliwakusanya binamu zake ili wapange siku moja ya kuzungumza kwa simu kila juma. Mzozo ulizuka kabla mazungumzo hayajaanza. Binamu wa Maskati hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili asubuhi wamo kazini. Wa Dubai, tangu mwaka 2022, hufanya kazi Ijumaa mpaka mchana, kisha hupumzika Jumamosi na Jumapili. Yeye mwenyewe ana masomo Ijumaa kutwa. Siku iliyowafaa wote ikawa Jumamosi, ambayo kwa wengine ni mwanzo wa mapumziko na kwa wengine ni mwisho wake. Akaniuliza: “Mjomba, juma letu sisi huanza siku gani hasa?”

Nilidhani nitamjibu kwa neno moja. Badala yake nilijikuta nafungua kabati na kutoa daftari la marehemu Ami, daftari dogo la hesabu lenye jalada jekundu, ambalo aliandika matumizi yake ya kila siku alipofika Maskati akiwa kijana wa miaka 21. Kando ya kila hesabu aliongeza neno moja au mawili juu ya siku ilivyopita. Mengi zaidi alinisimulia mwenyewe katika uhai wake, na mara nyingi alilishika daftari hilo mkononi ili asije akazidisha. Leo nataka kuwasimulia juma moja tu la daftari hilo, la mwezi wa Februari 1973. Kwanza, lakini, nimjibu mpwa wangu.

Majina ya siku

Wazee wetu hawakuwa wakisema “wiki”, neno lililotufikia kwa Kiingereza. Walisema “juma”, na juma limetokana na Ijumaa, siku ya kukusanyika kwa sala. Siku moja imezipa siku zote saba jina lake. Kisha walihesabu kuanzia pale Ijumaa inapokwisha: Jumamosi, yaani ya mosi, Jumapili, ya pili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hesabu hiyo ni ya Kiswahili. Lakini baada ya tano haifuati sita. Inafuata Alhamisi, neno la Kiarabu ambalo nalo maana yake ni siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo juma letu lina tano mbili zilizokaa jirani, moja ya Kiswahili na moja ya Kiarabu, na sita halina. Watu wa pwani wamelitumia juma hili vizazi na vizazi bila kuliona kuwa na kasoro.

Tena siku yenyewe, kwa wazee, ilianza magharibi, jua linapozama. Ndiyo maana “usiku wa Ijumaa” ni ule ambao vijana wa leo huuita Alhamisi usiku, na katika familia yetu wamekwisha kupatikana watu waliokosa shughuli ya harusi kwa kutolijua hilo.

Basi jibu ni kwamba juma letu huanza Jumamosi, kwa ushahidi wa lugha yenyewe. Na Ami alipofika Oman aliona kwamba juma la kazi huko pia lilianza Jumamosi. Aliniambia kuwa katika siku zile za mwanzo hilo lilikuwa miongoni mwa machache ambayo hakuhitaji kujifunza upya.

Siku mbili za vitabuni

Vitabu vinavyoeleza historia ya familia kama zetu husimama zaidi juu ya siku mbili. Ya kwanza ni tarehe 12 Januari 1964, siku ya Mapinduzi ya Zanzibar, ambayo ilikuwa Jumapili, siku chache kabla ya Ramadhani. Ya pili ni tarehe 23 Julai 1970, siku aliyotawala Sultan Qaboos, ambayo ilikuwa Alhamisi. Baada ya siku ile ya kwanza watu wetu walitawanyika. Baada ya ile ya pili Waomani waliokuwa nje waliitwa warudi kuijenga nchi. Ukisoma haraka utadhani watu walilala Unguja Jumapili wakaamka Maskati Alhamisi.

Katikati ya siku mbili hizo kulikuwa na majuma zaidi ya 300, na kila juma lilikuwa na kodi ya chumba, barua iliyochelewa na sufuria iliyoungua. Ami alizaliwa Mkunazini mwaka 1951. Babu yake ndiye aliyetoka Oman, enzi ambazo safari hazikupimwa kwa juma bali kwa musimu: kaskazi ikileta majahazi Unguja kuanzia Desemba, na kusi ikiyarudisha Arabuni. Baba yake alizaliwa Unguja na akafariki Unguja mwaka 1966. Mwaka 1968 Ami alivuka kwenda Mombasa, akafanya kazi dukani kwa jamaa. Kutoka huko alikwenda Dubai, na mwishoni mwa mwaka 1972 akaingia Maskati. Mama yake, yaani Bibi yetu, alibaki Unguja na mabinti wawili.

Oman aliyoikuta ilikuwa imeamka tu. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na shule 3 na kiasi cha kilomita 10 za barabara ya lami. Mpaka wakati huo milango ya mji wa Maskati ilifungwa saa chache baada ya magharibi, na aliyetembea usiku alitakiwa abebe fanusi. Sasa wizara zilikuwa zikianzishwa, mafuta yaliyoanza kusafirishwa mwaka 1967 yalikuwa yakileta fedha, na palihitajika watu wanaojua kuandika barua, kupiga taipu na kuweka hesabu. Vijana waliosoma Unguja walikuwa na Kiingereza. Wengi wao, lakini, Kiarabu chao kilikuwa kile cha chuoni: waliweza kuisoma Kurani kwa tajwidi nzuri, ila hawakuweza kununua kilo ya vitunguu.

Na huko kuitwa “waliorudi” kulikuwa na mushkili wake. Ami aliniuliza mara moja: “Mtu hurudi vipi mahali ambapo hajapata kufika?”

Jumamosi

Daftari linasema: “Teksi baisa 50. Chai na mkate 40. Inatosha mpaka Alhamisi, nikijizuia.”

Riali na baisa zilikuwa fedha changa. Zilianza kutumika mwaka 1970 mahali pa rupia ya Ghuba, na wazee sokoni walikuwa bado wakitaja bei kwa rupia. Jambo hilo lilimchekesha Ami, kwa sababu hata Unguja, ambako rupia iliondolewa mwaka 1936, bibi zake waliendelea kuitaja kwa muda mrefu baadaye.

Aliishi Matrah, chumba kimoja, vijana wanne, wote wa Unguja na Pemba. Kazi yake ilikuwa ukarani katika kampuni ya kupakua mizigo. Bandari mpya ya Matrah ilikuwa haijafunguliwa, ilifunguliwa mwaka uliofuata, kwa hiyo meli zilitia nanga mbali na shehena zililetwa pwani kwa matishari. Kazi ya Ami ilikuwa kuandika kwa Kiingereza orodha ya kila kilichoteremka: saruji, mchele, mabati, matangi ya maji. Jumamosi hiyo alimaliza orodha ya meli nzima bila kosa, na mkubwa wake akamwambia kwa Kiingereza kwamba ni mpiga taipu bora aliye naye. Jioni wenzake walipika muhogo uliopatikana kwa bahati, wakakaa kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Neno la siku hiyo kwenye daftari ni “Heri.”

Jumapili

Heri ile haikufika mbali. Asubuhi dereva wa kampuni alichelewa kwa sababu gari lake liligongana na punda wa maji. Mkuu wa ghala, mzee asiyejua neno la Kiingereza, akamuuliza Ami dereva yuko wapi. Ami akayakusanya maneno yake ya Kiarabu moja moja, na alipofika kwenye “ajali” alilitumia bila wasiwasi, kwani si ni neno la Kiarabu?

Ni la Kiarabu kweli. Lakini Kiswahili kimelichukua na kulipa maana ya msiba wa ghafla, kama wa kugongana kwa magari, hali kwa Kiarabu “ajal” ni muda uliokadiriwa, na mtu akijiwa na ajali yake basi amekwisha kufa. Mzee wa ghala alishika kichwa. Wapakuzi waliacha magunia, wakaanza kumrehemu marehemu. Mmoja alikuwa tayari ameondoka kwenda kuwaarifu watu wa nyumbani wakati dereva alipoingia mlangoni kwa miguu yake, kidole gumba kimefungwa kitambaa, akiuliza kuna nini.

Walicheka mpaka adhuhuri, na kwa miezi mingi baadaye Ami aliitwa “Bwana Ajali”. Alipokuwa mzee alikisimulia kisa hicho kwa raha. Siku ile hakuona cha kuchekesha. Daftarini aliandika: “Sijui lugha ya babu yangu.”

Hata hivyo aliniambia kwamba mchana wa siku hiyohiyo, chumba kikiwa na joto kali, alisahau alipo na kumwambia mzee wa kahawa kwa Kiswahili kitupu, “Fungua dirisha.” Mzee akainuka akafungua dirisha. Kwa watu wa Ghuba dirisha ni dirisha. Kutoka hapo Ami akaanza ukurasa wa nyuma wa daftari orodha ya maneno yaliyokubali pande zote mbili: sanduku, bandari, meza, dirisha. Orodha ile mwishowe ilifika maneno zaidi ya 200, na chini yake kuna orodha nyingine fupi yenye kichwa “Ya hatari”. La kwanza humo ni ajali.

Jumatatu

Jumatatu alikwenda ofisi moja kuulizia karatasi zake. Aliyekuja kutoka nje alihitaji kuthibitisha kwamba asili yake ni Oman, na njia iliyojulikana ni kushuhudiwa na sheikh wa kabila lake kwamba huyu ni wetu, ni mtoto wa fulani bin fulani. Bila ushuhuda huo hakuna paspoti, na bila paspoti hata kazi nzuri ilikuwa juu ya mchanga.

Karani alimuuliza kabila, akataja. Akamuuliza kijiji, akataja jina alilokuwa akilisikia kwa baba yake. Akamuuliza nani anakujua huko. Hapo alinyamaza. Karani, ambaye kwa haki ya Mungu hakuwa mkali, alimrudishia karatasi na kumwambia alete neno la sheikh. Aliporudi kwenye benchi alimsikia mtu akisema kwa mwenzake, “Mzanjibari,” na akakumbuka kwamba Unguja, watu waliotaka kumdhalilisha walikuwa wakimwita Mmanga.

Sitaki tulipite jambo hili kwa haraka, kwa sababu si wote waliovuka benchi lile. Mmoja wa vijana wanne wa chumba cha Matrah alikuwa na baba aliyefariki akiwa mdogo, na nasaba yake hakuna aliyeijua kupita jina la babu. Alihangaika mwaka mzima, kisha akakata tamaa na kwenda Uingereza. Watoto wake wamo miongoni mwenu mnaosoma haya. Baba yao hakuondoka Oman kwa kuwa hakuipenda. Aliondoka kwa kukosa majina matatu.

Jumanne

Siku ya Jumanne ilifika barua. Haikuja moja kwa moja kutoka Unguja. Watu wa zama zile waliogopa barua kufunguliwa njiani, kwa hiyo Bibi alimpa msafiri wa Mombasa, na jamaa wa Mombasa wakaitia posta. Ilikaa njiani juma 5.

Ami alikuwa ameandika kuomba nasaba ya baba yake. Bibi alijibu kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono wake mzuri wa chuoni, na barua hiyo bado tunayo. Anasema: “Mwanangu, majina uliyoyataka haya hapa. Marehemu baba yako aliyasoma kila mwezi wa Ramadhani ili msiyasahau, na nyinyi mlikuwa mkilala. Mimi sikulala.” Yanafuata majina saba, mmoja bin mmoja. Kisha anaongeza alama: kwamba nyumba ya ukoo ilikuwa upande wa juu wa falaji, karibu na msikiti mdogo, na kwamba ndugu wa babu alikuwa na shamba la mikarafuu karibu na Wete kabla hajarudi Oman kufia kwao.

Mwisho wa barua, kama jambo la kando, anasema dada mkubwa ameposwa na harusi ni tarehe fulani. Ami alihesabu kwa vidole. Harusi ilikuwa imekwisha siku 15 kabla. Aliketi kwenye ngazi za nyumba, barua mkononi, akijaribu kukumbuka usiku ule wa harusi yeye alikuwa akifanya nini. Alifungua daftari kutazama. Alikuwa amenunua sabuni na wembe.

Jumanne hiyo aliandika: “Majina yote saba. Dada ameolewa.” Hakusema kama siku ilikuwa njema au mbaya.

Jumatano

“Chai 20. Hakuna.”

Alhamisi

Alimwomba mkubwa wake ruhusa ya kutoka mapema. Mpiga taipu bora akaruhusiwa kwa sharti la kukatwa mshahara wa siku nzima. Alinunua halua Matrah, kwa kuwa mtu haendi kwa wazee mikono mitupu, akavaa dishdasha yake ya pekee na kofia iliyoshonwa kwa mkono na Bibi, akapanda lori lililokuwa linaelekea bara.

Njia ilikuwa ya changarawe na mawe, ikipita bonde la Sumail katikati ya milima. Kijana aliyekulia chini ya minazi na miembe alikuwa akiangalia mlima baada ya mlima usio na hata kichaka. Aliniambia kwamba hapo ndipo alipopata shaka kubwa kuliko zote. Alijiuliza babu aliwezaje kuiacha nchi hii, kisha akajiuliza aliwezaje kuishi humo tangu mwanzo. Lori lilikwama mara mbili. Jua lilizama wakiwa njiani, kwa hiyo, kwa hesabu ya wazee, Ijumaa ilikuwa imekwisha kuingia walipofika.

Gizani alisikia maji. Falaji ilikuwa inapita pembeni mwa njia, chini ya mitende, maji membamba yanayokwenda kwa haraka. Alitumbukiza mikono akanawa uso. Kwenye daftari, siku hiyo, hakuna hesabu ya fedha. Kuna maneno matatu: “Upande wa juu.”

Ijumaa

Baada ya sala ya Ijumaa alipelekwa kwenye sabla, ukumbi ambao wanaume wa kijiji hukutana. Wazee walikaa wamezunguka, kahawa na tende katikati, halua ya Matrah ikafunguliwa. Sheikh alimuuliza habari, naye akajibu. Akamuuliza tena habari, kwa maneno mengine, naye akajibu tena. Aliyekulia Unguja alilijua hilo: huko nako watu huulizana hali mara tatu nne kabla hawajafika kwenye shida.

Kisha aliombwa ataje nasaba yake. Aliyasoma majina saba bila kutazama karatasi, kwani aliyakariri usiku kucha. Ukumbi ulinyamaza. Sheikh akauliza maswali, na hapo Kiarabu cha Ami kikamwisha. Akaanza kutoka jasho. Ndipo sauti ikatoka pembeni mwa ukumbi, sauti ya mzee sana, ikasema kwa Kiswahili cha Pemba: “Sema kwa lugha yako, mwanangu. Mimi n'takufasiria.”

Mzee yule alikuwa ameishi Pemba ujanani, akichuma na kununua karafuu, akarudi Oman kabla ya vita vikuu vya pili. Tangu arudi hakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiswahili ila wachache wa rika lake, na walikuwa wakipungua. Hakumjua baba yake Ami. Babu yake pia hakumjua. Lakini alimjua yule ndugu wa babu mwenye shamba karibu na Wete, na alijua kaburi lake lilipo. Walikwenda mpaka upande wa juu wa falaji, wakaonyeshwa msikiti mdogo. Nyumba ilikuwa imebaki kuta mbili.

Ningependa kuwaambia kwamba sheikh alitia saini jioni hiyo. Hakutia. Alisema shahidi mmoja hatoshi, na kwamba mzee mwingine anayeijua nyumba ile yuko safarini, kwa hiyo kijana arudi baada ya nusu mwezi. Ami alirudi, mzee hajaja. Akarudi tena. Ilimchukua safari 4 na mshahara uliokatwa mara 4 mpaka karatasi ikapatikana. Mzee wa Pemba alikuwa akimngojea kila mara, naye kila mara alitaka kwanza habari za karafuu, kisha habari za mvua, ndipo shughuli zianze.

Ijumaa ya juma letu imeandikwa hivi: “Kahawa nyingi. Bado. Mzee ameniambia nije na papa mkavu siku nyingine, wa Unguja. Nimemwambia papa wa Unguja ulikuwa ukitoka huku kwenu. Amecheka.”

Baada ya juma hilo

Ami alifanya kazi Maskati miaka 34. Kiarabu alikijua vyema, ingawa kwa lafudhi iliyowafanya madereva wa teksi wageuke kumtazama. Alikuwapo juma la kazi lilipobadilishwa mwezi wa Mei 2013, mapumziko yakawa Ijumaa na Jumamosi badala ya Alhamisi na Ijumaa, na alilalamika kwa siku kadhaa kwamba wamemnyang'anya Alhamisi yake.

Bibi alikuja Maskati mara moja tu, mwaka 1986, akakaa miezi mitatu. Ami alimwonyesha karatasi ya sheikh, iliyohifadhiwa kwenye bahasha ndani ya bahasha. Bibi alivaa miwani akaisoma pole pole, jina baada ya jina, mpaka la saba. Kisha akasema, “Ndiyo haya niliyokuandikia,” akamrudishia.

Nimeifikiria sana kauli hiyo. Katika ofisi ile, na katika sabla ile, Ami aliulizwa jina la baba, la babu na la mababu wengine. Hakuna aliyemuuliza jina la mama yake. Karatasi iliyotufanya sote tuwe tulivyo Oman leo haina jina lake, na bila yeye isingeandikwa. Watoto walikuwa wakilala, baba akisoma, na mwanamke ambaye hakuwamo katika mlolongo ule ndiye aliyeuhifadhi. Ukiifuata historia yetu kwa tarehe mbili kubwa, Bibi hutamwona popote. Ukiifuata kwa siku saba za daftari, yupo pale Jumanne.

Basi mpwa wangu, hilo ndilo jibu langu, limekuwa refu. Juma letu huanza Jumamosi, lina tano mbili, na hakuna haja ya kuiondoa moja ili nyingine ikae. Najua nawe majuma yako yana Jumapili ya kuchekwa na Jumatatu ya benchi, na Jumatano isiyo na la kuandika. Liandike hata hilo.

Na nyinyi wengine, wengi mna wazee walio hai waliokuwa na miaka 20 na kitu mwaka 1964 au 1970. Msiwaulize kwanza juu ya tarehe kubwa. Wamekwisha kuulizwa, na majibu yao yamekuwa laini kama jiwe la falaji. Waulizeni Jumanne walikula nini, nani aliwakopesha nauli, barua ilikaa njiani siku ngapi. Kisha waulizeni majina ya mama zao, na mama wa mama zao, na myaandike. Jumamosi hii, katika simu yetu, mimi nitaanza na ya kwangu.